Haibridi Iliyoanza Kula Mafuta Ghafla: Betri Ishtakiwe Mwisho

Barua tatu kati ya zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: gari la haibridi (linaloendeshwa kwa injini ya petroli pamoja na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa) lililokuwa likisifiwa kwa kubana mafuta limebadilika tabia ndani ya muda mfupi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu hali inayoelezwa humo ndiyo inayowakuta wengi.

SWALI: Mhandisi, salaam. Nina Toyota Aqua ya mwaka 2013 niliyoiagiza kutoka Japani. Hapa Morogoro, pamoja na safari za Dodoma za mara moja moja, gari lilikuwa likinipa kilometa 21 kwa lita. Tangu nilipolifanyia sevisi mwezi uliopita linanipa 15. Siku hiyo walibadilisha oili, wakaweka pedi mpya za breki za mbele na kukaza breki za nyuma, wakafunga tairi mpya, na wakaniambia kwamba wamerekebisha mfumo wa maji kwa kuwa kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ilikuwa imepungua na gari lilikuwa karibu kuchemka. Hakuna taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi. Niliporudi kulalamika, fundi alisema betri kubwa imekufa na nitafute nyingine. Bei niliyotajiwa imeninyima usingizi. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue betri kwanza. Huenda siku moja betri hiyo ikachoka kweli, kwa kuwa gari lako limeshapita miaka kumi, lakini dalili ulizoziandika hazielekei huko. Gari liliingia gereji likiwa na ulaji wake wa kawaida na likatoka likibugia mafuta. Betri kubwa haikuguswa siku hiyo, ilhali oili, breki, tairi na mfumo wa maji vyote viliguswa. Uchunguzi uanze na vilivyoguswa.

Hata kabla ya hapo, inafaa tujue ukubwa wa tatizo lenyewe. Hesabu ya kilometa kwa lita huficha mambo kidogo: kushuka kutoka 21 hadi 15 kunaonekana kama upungufu usiofika theluthi, lakini ukijiuliza kilometa 100 zinahitaji lita ngapi, utakuta umetoka lita 4.8 ukafika takriban lita 6.7, yaani unanunua mafuta asilimia 40 zaidi kwa safari zilezile. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na plagi iliyochakaa kidogo wala na upungufu mdogo wa upepo wa tairi. Ama kuna jambo moja kubwa, ama yapo madogo kadhaa yaliyokutana, ama kipimo ndicho chenye kasoro.

Nalitaja hili la kipimo kwa sababu wengi wetu hununua mafuta ya elfu ishirini leo na ya elfu thelathini keshokutwa, tukatazama vijiti vya geji, kisha tukatangaza kwamba gari limeharibika. Huko si kupima. Jaza tangi hadi bomba la pampu lijikate lenyewe kwa mara ya kwanza, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako hadi ibaki robo tangi, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena hadi ijikate, na ugawanye kilometa kwa lita zilizoingia. Tangi la Aqua huchukua lita 36. Ukijaza lita 8 tu, tofauti ya nusu lita katika kujaa kwa tangi inapotosha hesabu kwa zaidi ya asilimia 6. Ukijaza lita 27, kosa hilohilo linashuka chini ya asilimia 2. Namba inayoonyeshwa kwenye dashibodi ni makadirio ya kompyuta ya gari na mara nyingi huwa ya matumaini kupita kiasi, ingawa inafaa kwa kulinganisha wiki na wiki. Wala asikusumbue mtu anayekwambia kwamba Aqua hutoa kilometa 35 kwa lita. Hiyo ilikuwa namba ya kipimo cha Kijapani cha JC08, kinachofanyiwa maabara, na hakuna aliyeipata kati ya Msamvu na Dodoma.

Tuseme umepima vizuri na 15 ni 15 kweli. Hapo lazima tukumbuke jinsi haibridi inavyookoa mafuta. Injini yake imeundwa kufanya kazi kwa mzunguko wa Atkinson, ambao hutumia mafuta kidogo lakini una nguvu ndogo, na mota ya umeme huziba pengo hilo la nguvu. Unapokanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri badala ya kuipoteza yote kama joto. Lakini katika mwendo wa mjini, faida iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba injini huzimwa: kwenye taa, kwenye foleni, katika mteremko na katika mwendo mdogo. Chochote kinachoizuia injini kuzimika kinalifanya gari lako kuwa gari la kawaida la petroli lililobeba betri nzito ya ziada.

Ndiyo maana mshukiwa wangu wa kwanza ni yale "marekebisho ya mfumo wa maji". Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, gari likikaribia kuchemka, dawa ya haraka ni kung'oa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto) na kuitupa, ili maji yazunguke muda wote bila kizuizi. Kwa gari la zamani la kawaida mwenye gari huenda asigundue hasara yake kwa miezi mingi. Kwa haibridi hasara huonekana kwenye tangi la kwanza. Kompyuta ya Aqua hairuhusu injini kuzimika kwa uhuru hadi maji yake yapate joto la kutosha, na injini ambayo tayari huzimwa mara kwa mara haina nafasi ya kupata joto ikiwa maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Matokeo yake injini inaendelea kuunguruma ukiwa umesimama, inanyunyiziwa mafuta mengi zaidi kwa kuwa inahesabiwa kuwa bado ya baridi, na oili yake inabaki nzito. Thamostati iliyokwama ikiwa wazi huleta madhara hayohayo bila mtu yeyote kuigusa.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Endesha kwa dakika 20, simama mahali salama, zima AC, hakikisha vijiti vya betri kwenye dashibodi havijashuka chini, kisha weka gia ya P. Injini yenye afya itazimika baada ya muda mfupi. Ikiendelea kuwaka, tafuta mtu mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari akutazamie joto la maji, ambalo baada ya safari ya namna hiyo linapaswa kuwa limevuka nyuzi 80 na kutulia hapo. Likiwa linachezea 50 au 60 katika joto la Morogoro, thamostati haipo au haifungi. Msimbo wa hitilafu unaohusika ni P0128, lakini usiseme gari ni zima kwa sababu tu haujatokea, kwa kuwa masharti ya kuuandika hayatimii katika kila safari. Uliza pia kilichotiwa humo: kama ni maji ya bomba badala ya kulanti, yamwagwe. Na kwa nini kulanti ilipungua hapo awali? Gari lisilovuja halipunguzi kulanti, na swali hilo halijibiwi kwa kung'oa kitu.

Hapa niingize neno kwa wasomaji wa Njombe, Iringa na Limuru, ambao baridi huwafanya wafungue hewa ya moto ndani ya gari: joto hilo hutoka kwenye maji ya injini, kwa hiyo injini itawaka ili kulitengeneza hata kama gari limesimama. Kitufe cha joto kilichopandishwa hadi mwisho na kusahaulika kinaweza kuleta malalamiko kama haya bila kitu chochote kuharibika.

Mshukiwa wa pili, naye ana uzito wake, ni breki. Kwa kuwa haibridi hupunguza mwendo kwa mota, pedi zake hutumika kidogo na hudumu miaka mingi, na kwa sababu hiyohiyo pini zinazoteleza kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hukaa bila kufanya kazi, zikashika kutu na kukauka grisi. Fundi akiweka pedi mpya nene kwenye kalipa isiyoteleza, pedi hubaki zimeibana diski kidogo muda wote. Gari litakwenda, breki zitashika vizuri, hakuna taa itakayowaka, nawe utakuwa unalikokota gari dhidi ya breki zake usiku na mchana. Zile za nyuma kwenye Aqua ni za ngoma. Zikikazwa kupita kiasi, au kebo ya breki ya mkono ikivutwa mno, huleta mzigo uleule. Ili kulijua, endesha kilometa kumi hivi kwenye barabara isiyo na foleni, simama taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikitoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umepata jibu. Gereji inaweza kuinua gari na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono, na hilo ni jambo la dakika tano ambalo lingepaswa kufanywa siku ileile ya kubadilisha pedi.

Oili nayo nitaisema kwa ukali kidogo. Injini ya Aqua imepangiwa oili nyepesi ya 0W-20. Mafundi wengi wanaamini kwamba gari lililotumika linahitaji oili nzito, hivyo wanamimina 20W-50 kutoka kwenye pipa la gereji, ileile wanayoitia katika pikapu za dizeli. Injini inayowaka na kuzimika mara nyingi katika safari moja huumia zaidi kwa oili ya namna hiyo, kwa sababu mara nyingi inafanya kazi kabla haijapata joto kamili. Hata hivyo oili peke yake haiwezi kukueleza asilimia 40. Inachangia asilimia chache tu. Chomoa kijiti cha oili uone pia kama wamejaza kupita alama ya juu.

Kuhusu tairi, soma ukubwa ulioandikwa ubavuni. Aqua nyingi hutumia 175/65R15. Ukifungiwa 185/65R15, gurudumu linakuwa kubwa kwa takriban asilimia 2, kwa hiyo kihesabu kinakupunja kilometa 2 katika kila 100 na gari linaonekana kula zaidi ya ukweli. Ongezea kwamba tairi mpya zenye meno marefu huwa nzito kuvingirika kuliko zile za kubana mafuta zilizokuja na gari kutoka Japani. Pima upepo asubuhi kabla ya kutembea, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva badala ya mazoea ya mtu wa tairi.

Vingine navipita haraka. Chujio la hewa hulaumiwa sana, lakini utafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika magari ya kisasa ya petroli yanayoongozwa na kompyuta, chujio chafu huathiri kasi ya kuchukua mwendo na halibadilishi sana ulaji wa mafuta. Mafuta yaliyochakachuliwa yapo, ingawa mafuta halali huwekewa vinasaba (kemikali ya alama) ili yaliyochakachuliwa yatambulike. Jaza matangi mawili kwenye kituo kingine na uone kama kuna tofauti. AC katika gari hili huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, hivyo miezi ya joto kali ina gharama yake, lakini wewe ulikuwa nayo hata mwaka jana.

Sasa hilo la betri. Betri ya Aqua yako ni ya nikeli, yenye moduli (vipande vya betri vilivyounganishwa) 20 za volti 7.2 kila moja, jumla volti 144. Kompyuta huzipima volti za makundi ya moduli hizo wakati wote, na kundi moja likidhoofika kiasi cha kuachana mno na mengine, taa huwashwa na msimbo kama P0A80 huandikwa. Betri inaweza kupungua uwezo kabla ya taa kuwaka, sikatai, lakini kupungua huko huja kwa miezi na kuna dalili zake ambazo msomaji wa Arusha anazieleza hapa chini. Fundi anayesema imekufa akuonyeshe volti za kila kundi gari likiwa linavuta kwa nguvu na likiwa linachaji. Yakienda pamoja, na tofauti kati ya lililo juu na lililo chini ikiwa ni sehemu ndogo tu ya volti, betri si mkosaji. Yakiachana kwa volti nzima au zaidi wakati wa kuvuta, tutazungumza upya. Fundi asiye na kifaa cha kusomea namba hizo hajaipima betri yako. Ameikisia, na kisio hicho unalipia wewe.

Kwa mpangilio: anza na thamostati na breki siku moja, kwa kuwa ndizo zinazoweza kubeba mzigo wote huu, oili na tairi zifuate. Usibadilishe vitu vinne kwa mpigo, la sivyo hutajua kipi kilikuwa kibaya, na gereji itakutoza vyote.

SWALI: Ninaendesha Prius ya mwaka 2010 hapa Arusha. Kwa miezi michache kilometa ninazopata kwa lita zimekuwa zikishuka, na sasa zimeporomoka kutoka 19 hadi 14. Nyuma ya gari kuna feni inayovuma kwa sauti. Vijiti vya betri hujaa ndani ya dakika chache, halafu nikipanda kilima huisha ghafla na injini hunguruma. Alama ya pembetatu iliwaka siku moja, ikazimika. Nipuuze? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana, ndugu yangu, wewe usipuuze, kwa maana dalili zako ni tofauti kabisa na za barua ya kwanza. Vijiti vinavyopanda na kushuka upesi ni ishara ya betri iliyopoteza ujazo wake: inajaa haraka kwa kuwa nafasi imebaki ndogo, na inaisha haraka kwa sababu hiyohiyo. Injini inalazimika kuwaka kila mara kuijaza tena, na hapo ndipo mafuta yanapokwenda.

Anza na feni. Betri ya Prius yako, yenye moduli 28 na volti 201.6, hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Vumbi la Arusha, nyuzi za mazulia na manyoya ya mbwa hujaa kwenye mapezi ya feni hiyo, na mizigo inayoegemezwa hapo huziba tundu lote. Betri ikipata joto, kompyuta hupunguza umeme unaoingia na kutoka, na feni huvuma kwa nguvu zote bila kupitisha hewa ya maana. Nimeona magari yakirudi kwenye hali nzuri kwa kusafishwa feni tu, lakini hiyo huwa ni pale ambapo uchafu umegunduliwa mapema. Kwa gari lililokwisha kuwasha alama ya onyo, tegemea kwamba baadhi ya moduli zimeshadhoofika.

Msimbo uliowasha pembetatu huenda bado umehifadhiwa. Usimruhusu mtu aufute kabla haujaandikwa kwenye karatasi. Ukishauriwa kubadilisha moduli moja au mbili mbovu, fahamu kwamba zilizobaki zina umri uleule na zimeteseka kwenye joto lilelile, hivyo utarudi gereji baada ya muda. Njia hiyo inamfaa anayetaka kuuza gari, haimfai anayetaka kukaa nalo. Betri kutoka kwenye gari lililokatwa ninaiamini pale tu ilipopimwa ikiwa chini ya mzigo mbele yako.

Jambo moja halina mjadala: asiifungue mtu asiyefunzwa. Waya za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoua. Plagi ya usalama ya betri hung'olewa kwanza, fundi akiwa amevaa glavu za mpira zilizotengenezwa kwa kazi ya umeme mkubwa, kisha husubiriwa dakika zisizopungua kumi ili umeme uliobaki kwenye inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota) uishe.

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi mtandao Dar es Salaam. Mwenzangu alinifundisha kuweka gia ya N kwenye foleni ili gari lipumzike, na kutumia gia ya B muda wote ili betri ijae haraka. Tangu nianze, mafuta yanakwisha upesi zaidi. Kuna uhusiano? (Dereva, Temeke)

JIBU: Upo, tena wa moja kwa moja. Gari likiwa kwenye N haliwezi kuchaji betri, hata kama injini inawaka, ilhali AC na taa zinaendelea kuinyonya. Ukirudisha D baada ya foleni ndefu ya Mandela, injini inakurupuka kulipa deni lote kwa petroli. Kaa kwenye D ukiwa umekanyaga breki, au P kama foleni imesimama kabisa; katika D injini huzimika yenyewe, kwa hiyo hakuna unachokipumzisha kwa N.

Kuhusu B, mwenzako amekosea jina la kazi yake. B huizungusha injini ili ikusaidie kulizuia gari, na nishati inayotumika kuizungusha hupotea badala ya kwenda kwenye betri. Mjini, njia ya kujaza betri ni kuanza kukanyaga breki mapema na kwa wepesi ukiwa kwenye D, ili mota ifanye kazi hiyo kabla pedi hazijashika. B iweke kwa ajili ya mteremko mrefu kama wa Mlima Kitonga, ambako betri hujaa kabla hujafika nusu ya njia na breki zinahitaji msaada wa injini. Ukifika bondeni, rudisha D.